Mizizi ya Mretemu: Mmea Usio na Jani, Kutoka Jangwa la Yobu Hadi Mwamba wa Malta

Makala hii ilianzia darasani. Tulikuwa tunasoma Kitabu cha Yobu, sura ya 30, pale mzee huyo anapowalalamikia vijana wanaomcheka, ambao baba zao asingekubali hata kuwaweka pamoja na mbwa wa kundi lake. Anawaeleza kuwa ni mafukara waliokondeshwa na njaa, wanaotangatanga nyikani, wakichuma mboga za chumvichumvi vichakani na kuifanya mizizi ya mretemu kuwa chakula chao. Mseminari mmoja, mtoto wa wafugaji, akanyoosha mkono: "Samahani Padre, huo mretemu ni mti gani, na mizizi yake inaliwaje?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote nimekisoma kifungu hicho nikipita juu kwa juu, kama wengi wetu tunavyopita majina ya mimea katika Biblia. Nilimwahidi kwamba nitatafuta, na utafutaji huo ukanifikisha mahali ambapo sikutegemea: kwenye mwamba mmoja baharini, kando ya kisiwa cha Gozo, uliolindwa na askari wa shirika la kitawa kwa ajili ya mmea usio na jani hata moja.

Tuanze na mretemu wenyewe. Ni kichaka cha jangwani chenye matawi membamba kama ya ufagio na maua meupe. Wataalamu wa mimea wanakiita Retama raetam. Ndicho kichaka ambacho nabii Elia alikaa chini yake alipochoka na kuomba afe (1 Wafalme 19). Katika Zaburi ya 120 yanatajwa makaa ya mretemu, na mpaka leo watu wa jangwani wanasifu mizizi yake kwa makaa makali yanayodumu. Lakini kwa chakula haifai. Ni migumu, ni michungu, na mmea wenyewe una sumu. Mtu mwenye njaa angeichimba kwa jasho kubwa na asipate kitu cha kumeza.

Wafasiri wameliona tatizo hilo tangu zamani. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na herufi zilezile za neno linalotafsiriwa "chakula chao" zinaweza kusomwa pia kuwa "kujipasha moto". Kwa hiyo baadhi ya tafsiri za Biblia zinasema maskini hao waling'oa mizizi ya mretemu ili waote moto. Ni usomaji mzuri, unaokubaliana na Zaburi. Lakini wapo wachunguzi wa mimea ya Biblia waliotoa jibu la tatu: kwamba kilicholiwa hakikuwa mzizi, bali kitu kilichokuwa kikiishi juu ya mizizi ya vichaka vya jangwani, kikitoka ardhini kama kidole chekundu baada ya mvua. Kitu hicho ni mmea kimelea unaoitwa Cynomorium coccineum. Waarabu wanauita tarthuth.

Tunaposema mmea ni kimelea, wengi tunakumbuka kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miembe na michungwa yetu. Kirukia hunyonya maji na chumvichumvi kutoka kwenye mti uliokibeba, lakini kina majani ya kijani, kwa hiyo kinajitengenezea sehemu ya chakula chake kwa mwanga wa jua. Ni kama mpangaji anayechota maji ya mwenye nyumba lakini anajipikia. Tarthuth haijipikii kabisa. Haina umbijani, ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kutengeneza sukari kutokana na mwanga, maji na hewa. Haina majani ya kweli, ila vigamba vidogo kwenye shina. Kila chembe ya sukari iliyomo mwilini mwake imetengenezwa na mmea mwingine.

Kwa muda mrefu wa mwaka huioni. Inaishi chini ya ardhi ikiwa shina nene lililolala, lenye mizizi midogo iliyojishikiza kwenye mizizi ya mwenyeji wake. Pale inapojishikiza hutokea kiungo maalumu cha kunyonyea, ambacho hupenya ndani ya mzizi wa mwenyeji mpaka kwenye mirija ya maji na chakula, na mirija ya mimea miwili ikaungana. Kuanzia hapo kimelea kinakunywa kile ambacho mwenyeji anakipeleka mizizini. Wenyeji hao si wa ukoo mmoja. Wengi ni vichaka vinavyostahimili chumvi: Atriplex, Salsola na Suaeda, vile vyenye majani manene ya ladha ya chumvi vinavyoota kandokando ya bahari na katika mabonde makavu, pamoja nao kuna miti ya Tamarix na vichaka vingine kadhaa.

Hapa naomba nichepuke kidogo kwa faida ya waseminari. Katika Mwanzo 21 tunasoma katika Kiswahili kwamba Abrahamu alipanda mkwaju huko Beer-sheba. Msomaji wa Dodoma au Tabora anaona mara moja ukwaju wa juisi. Lakini mti unaotajwa katika Kiebrania unadhaniwa na wataalamu wengi kuwa Tamarix, mti wa jangwani wenye majani madogo mno kama vigamba, ambao haufanani na mkwaju wetu wala hauna tunda la kuliwa. Majina yanafanana katika lugha za Ulaya, na huenda kufanana huko kumechangia mti wa kwetu kuingia katika tafsiri. Silaumu wafasiri, msomaji alihitaji mti, wakampa mti. Ila Abrahamu huenda alipanda mmojawapo wa wenyeji wa kimelea chetu.

Mvua za majira ya baridi zikishanyesha, kati ya Machi na Mei katika nchi za Mediteranea, shina lililolala huchomoza bua moja nene lenye rangi nyekundu iliyokolea, wakati mwingine kuelekea zambarau. Huinuka sentimita 15 hadi 30 hivi. Sehemu yake ya juu ni nene kama rungu, na imejaa maua madogo sana yasiyohesabika kwa macho: mengine ya kiume, mengine ya kike, na machache yenye jinsia zote mbili. Ua la kiume lina stameni moja tu. Bua hutoa harufu hafifu inayofananishwa na ya kabichi, na harufu hiyo huwaita nzi, ambao hutembea juu ya rungu na kusambaza chavua. Baada ya uchavushaji rangi hufifia, bua likawa jeusi na kukauka, na vitunda vidogo vyenye mbegu moja moja hubaki. Mwaka wa ukame bua linaweza lisitokee kabisa. Mmea uko chini, unangoja.

Mbegu yenyewe ni ndogo sana na haina akiba ya kutosha ya chakula. Ikianguka mahali pasipo na mzizi wa mwenyeji, haina maisha. Ndiyo maana mimea ya namna hii huonekana kwa madoadoa: utakuta kundi hapa, kisha utembee eneo kubwa lenye vichaka vilevile usikute hata bua moja. Vichaka vipo, udongo upo, mvua imenyesha, lakini mbegu haikukutana na mzizi. Hapo ndipo tunapoelewa maana ya kusema mmea huu ni adimu. Sehemu nyingi unamopatikana ni vipande vidogo, vilivyotengana.

Kwa ramani, hata hivyo, eneo lake ni kubwa ajabu. Upande wa magharibi unaanzia kisiwa cha Lanzarote katika Visiwa vya Kanari, ukapita Moroko, Aljeria, Tunisia na Libya, kusini mwa Hispania, Sardinia, Sisilia na Malta. Kisha Misri na Sinai, Uarabuni na pwani za Ghuba, hadi Irani. Zaidi ya hapo, katika nyanda kavu za Asia ya Kati, Mongolia na China, anaishi ndugu yake, Cynomorium songaricum, ambaye baadhi ya wataalamu humwona kuwa aina ileile. Kule hunyonya hasa vichaka vya Nitraria. Wachina wanamwita suoyang na wamemtumia kwa karne nyingi katika dawa zao za asili.

Katika Uarabuni, wafugaji wa ngamia wameijua tarthuth kwa njia ya kawaida zaidi. Bua changa likitoka tu, huchimbwa, likafutwa mchanga, likamenywa ganda, na nyama yake nyeupe ya ndani kuliwa mbichi. Ngamia nao huila. Rangi nyekundu ya bua ilitumika kutia rangi vitambaa. Kwa hiyo, tukirudi kwa Yobu: mtu mwenye njaa, katika nyika ya vichaka vya chumvi, baada ya mvua, akichimba chini ya kichaka, anaweza kweli kupata chakula kilichoshikamana na mizizi. Na ona kwamba kifungu chenyewe kinataja mboga za chumvichumvi na mizizi kwa pumzi moja. Mboga hizo wengi huzitambua kuwa Atriplex, na Atriplex ni mwenyeji anayejulikana wa tarthuth. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba kimelea hiki kinapatana zaidi na vichaka vya chumvi kuliko na mretemu. Lakini jangwani vichaka huota vikiwa vimechanganyika, mizizi ikapishana, na mwenye njaa hamuulizi mmea anayenyonya mzizi wa nani.

Sasa twende Malta. Kisiwa hiki tunakifahamu kutoka Matendo ya Mitume, sura ya 28, ambapo Mtakatifu Paulo alitupwa ufukweni baada ya merikebu kuvunjika, na wenyeji wakamwashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Biblia ya Union inakiita Melita. Mwaka 1530 Kaisari Karolo V alikikabidhi, pamoja na Gozo, kwa Shirika la Mtakatifu Yohane, wale watawa wapiganaji waliokuwa wamefukuzwa Rodo na Waturuki. Sisi tunawakumbuka zaidi kwa vita, kwa panga na ngome. Lakini chanzo chao ni hospitali. Walianza Yerusalemu wakihudumia mahujaji wagonjwa, na Papa Paskali II aliwatambua rasmi mwaka 1113 wakiwa shirika la kuhudumia wagonjwa. Huko Valletta walianza mwaka 1574 kujenga hospitali kubwa iliyokuja kusifiwa Ulaya nzima. Wagonjwa walikula kwa vyombo vya fedha, si kwa fahari tu, bali pia kwa sababu fedha ilihesabiwa kuwa rahisi kusafishika.

Shirika la namna hiyo lilikuwa na haja ya dawa kila siku. Na magharibi mwa Gozo, mahali panapoitwa Dwejra, kuna mwamba mkubwa umesimama baharini peke yake, kimo chake kama mita 60, pande zake zimekatika wima. Wamalta wanauita Il-Ġebla tal-Ġeneral, yaani Mwamba wa Jenerali, kwa kumkumbuka, kama wanavyosimulia, kamanda mmoja wa merikebu za shirika. Juu ya mwamba huo iliota tarthuth kwa wingi.

Hawakuijua kwa jina hilo. Waliita uyoga wa Malta, maana kwa macho kitu kisicho na jani, kisicho na kijani, kinachochomoza ghafla baada ya mvua na kuoza kikiwa cheusi, kitakuwa nini kama si uyoga? Waliukausha, wakausaga unga, wakaunywesha katika divai au mchuzi. Ulitumika kwa kuhara damu, kwa kutokwa na damu, kwa vidonda, kwa kiharusi, kwa magonjwa ya zinaa. Unga huo ulipelekwa kama zawadi kwa wafalme na wakuu wa Ulaya.

Kwa nini magonjwa hayo? Katika zama zile madaktari wengi walishika fundisho, lililoenezwa sana na Paracelsus katika karne ya 16, kwamba kila mmea umepewa alama ya nje inayoonyesha kazi yake: jani lenye umbo la ini litibu ini, mmea wa njano utibu homa ya manjano. Mmea mwekundu kama damu, basi, ni dawa ya damu. Na umbo la bua, ambalo limeupa jina la Kigiriki nisilopenda kulitafsiri hapa kwa staha ya wasomaji (wenye Kigiriki watatafuta wenyewe), likafanya wengine waamini kwamba unaongeza nguvu za kiume. China, upande wa pili wa dunia, ndugu yake suoyang alipewa sifa hiyohiyo. Mataifa mawili yasiyowasiliana waliliangalia bua lilelile wakafikiri jambo lilelile.

Thamani ilileta walinzi. Pwani ya Dwejra tayari ilikuwa na mnara uliojengwa mwaka 1652. Mwaka 1746 Mkuu wa Shirika, Emanuel Pinto da Fonseca, alitoa amri kwamba mtu yeyote asikanyage mwamba huo bila ruhusa. Aliyekamatwa alikabiliwa na adhabu ya kupiga makasia katika merikebu za shirika, adhabu ambayo wakati huo haikutofautiana sana na kifo cha polepole. Inasimuliwa kwamba pande za mwamba zilichongwa zikawa laini ili asipatikane pa kukanyaga. Wachumaji wenye ruhusa walivuka kutoka nchi kavu juu ya bahari ndani ya kikapu kilichovutwa kwa kamba. Nimejaribu kumfikiria ndugu wa kwanza aliyeambiwa apande kikapu hicho kwa utii.

Jambo linalochekesha, na kusikitisha kidogo, ni kwamba mmea uliolindwa kwa makasia na kamba ulikuwa unaliwa bure na wachunga ngamia Uarabuni, na ulikuwa unaota Sisilia, Tunisia na Hispania. Hata Malta yenyewe hauko juu ya mwamba huo tu. Dawa iliyosemekana kupatikana mahali pamoja duniani ilikuwa imeenea toka Atlantiki hadi Ghuba. Uadimu ulikuwa wa kweli kwa upande mmoja, kwa sababu huuoni hovyo. Kwa upande mwingine uliongezwa na kufuli.

Aliyeuandika kwanza kwa makini na kuuchora ni Msisilia mmoja, Paolo Boccone, katika kitabu chake cha mwaka 1674. Inapendeza kwetu kujua kwamba Boccone, aliyezunguka Ulaya akikusanya mimea, baadaye aliingia utawa wa Wasistersiani akachukua jina la Silvio, na akaendelea na mimea yake ndani ya kanzu ya kitawa. Yeye naye aliuita uyoga. Mwaka 1729 Pier Antonio Micheli wa Firenze aliona maua yake, akautenga na uyoga na kuupa jina la Cynomorium. Linnaeus wa Sweden, baba wa majina ya mimea tunayotumia leo, alishughulika nao pia: mwaka 1755 mwanafunzi wake alitetea tasnifu nzima yenye kichwa Fungus Melitensis. Uyoga hauna ua, hauna chavua, hauna mbegu. Huu ulikuwa navyo vyote, vimefichwa katika udogo.

Lakini ni mmea wa ukoo gani? Swali hilo liliwasumbua wataalamu mpaka juzi. Mmea uliopoteza majani na kijani umepoteza pia alama ambazo kwazo tunautambua. Kwa muda mrefu uliwekwa pamoja na vimelea vingine vyekundu vya Afrika na Asia kwa sababu tu vinafanana sura. Walipoanza kusoma jeni, mambo yakawa magumu zaidi, kwa maana katika mitokondria zake zilikutwa jeni ambazo si zake, bali za mimea aliyoinyonya. Kimelea kimekunywa maji, sukari, na baada ya vizazi vingi vya kushikamana mwili kwa mwili, hata maandishi ya urithi ya mwenyeji yamevuka. Ukisoma jeni moja unaambiwa ni ndugu wa huyu. Ukisoma nyingine, wa yule. Uchunguzi wa jeni nyingi kwa pamoja, uliotolewa mwaka 2016, uliuweka katika oda ya Saxifragales, mbali na wale uliofananishwa nao kwa sura.

Je, ulitibu? Swali hili ndilo waamini wengi wangeuliza kwanza, nami najibu kwa uangalifu. Bua lina tanini nyingi, vile vitu vinavyoleta ukakasi mdomoni kama ganda la ndizi mbichi. Vitu vya ukakasi hukaza utando wa mwili, na kwa hiyo si ajabu kama unga wake ulipunguza kuhara au kusaidia kidonda kidogo kinachovuja damu. Hapo waganga wa shirika waliona kitu halisi. Kiharusi ni jambo jingine, na magonjwa ya zinaa ni jambo jingine kabisa. Rangi nyekundu haiponyi kaswende. Watu walikunywa unga wa mmea mwekundu, wengine wakapona kama ambavyo wangepona, wengine wakafa, na sifa ikabaki kwa sababu waliokufa hawakurudi kutoa ushuhuda.

Naandika haya nikifikiri juu ya mama mmoja wa parokia ambako nilifanya uchungaji, aliyeacha vidonge vya shinikizo la damu kwa ajili ya unga mwekundu ulionunuliwa kwa bei ya mbuzi wawili. Muuzaji alimwambia unatoka mlimani, mahali pamoja tu. Sikujua ulikuwa unga wa mmea gani na yeye hakujua. Nilipomuuliza kwa nini aliuamini, alisema, "Baba, si unaona rangi yake? Ni damu kabisa." Alipatwa na kiharusi mwezi uliofuata. Alipona kiasi, mkono mmoja haukurudi.

Kwa mmea wenyewe, sifa ya dawa ni hatari ya namna yake. Bua huchimbwa likiwa changa, kabla halijachanua, kwa sababu ndipo lina nguvu zaidi, wasemavyo wanunuzi. Maana yake huchimbwa kabla ya kutoa mbegu. Huko China na Mongolia, ambako biashara ya suoyang ni kubwa, uchimbaji huo huondoa kizazi kijacho pamoja na cha sasa, na mashimo yanayobaki hudhoofisha vichaka vinavyozuia mchanga usihame. Hatari ya pili ni kupotea kwa wenyeji. Ukikata vichaka vya chumvi kwa kuni, ukavilima, au ukajenga hoteli ufukweni, huna haja ya kumgusa kimelea. Umemwua ukiwa hujawahi kumwona. Huwezi kumhifadhi kwa kumhamishia bustanini peke yake. Lazima uhifadhi kichaka, udongo wa chumvi na nzi.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa akisoma hapa anaweza kuniuliza kama nimerukwa na akili, kutetea kimelea. Namwelewa. Kiduha, kile chenye maua mazuri ya zambarau kinachoota katikati ya mahindi na mtama, nacho ni kimelea cha mizizi, na kimelaza watu njaa. Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja. Hazioti kwa mvua tu. Huota zinapohisi kemikali inayotolewa na mzizi wa mhindi ulio karibu. Ndiyo maana shamba lililoachwa miaka mitatu likirudiwa kiduha huibuka upya. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, Kenya, waligundua kwamba ukipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha na kisha kuzizuia zisijishikize, zikafa kwa kukosa wa kumnyonya. Tofauti na tarthuth ni hii: kiduha huishi msimu mmoja, hana haja mwenyeji aone mwaka wa pili. Tarthuth huishi miaka mingi juu ya kichaka kinachoishi miaka mingi, na akimwua mwenyeji amejiua. Kwa kawaida vichaka vinavyonyonywa naye huendelea kuishi.

Shirika la Mtakatifu Yohane lilifukuzwa Malta na Napoleon mwaka 1798. Makao yake sasa yako Roma, na bado linahudumia wagonjwa. Kikapu na kamba havipo tena. Mwamba upo. Tangu mwaka 1992 ni hifadhi ya asili kisheria, na huwezi kupanda bila kibali, kwa hiyo amri ya Pinto imerudi kwa sababu nyingine. Juu yake anaishi pia mjusi wa aina ndogo isiyopatikana penginepo. Watalii wanaofika Dwejra zamani walikuja kuona tao la jiwe lililokuwa karibu na hapo. Tao hilo liliporomoka baharini kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Wanaofika siku hizi wanaupiga mwamba picha kutoka ng'ambo, wengi bila kujua kilichomo juu.

Nilimpelekea yule mseminari majibu yote matatu: mizizi ya kuota moto, mizizi iliyoliwa kwa kukata tamaa, na bua jekundu lililoshikamana na mizizi. Alisoma, akafikiri kidogo, akaniuliza swali ambalo mtoto wa wafugaji tu angeuliza: lina ladha gani? Wanaolila wanasema bua changa lina majimaji, tamu kidogo, na linaacha ukakasi kwenye ulimi.